Simu ya Upepo na Nchi ya Uzigua: Kazi ya Wapiga Simu wa Baharini na Habari zao Korogwe na Handeni, 1879–1918

Korogwe na Handeni si miji ya pwani. Korogwe umekaa ukingoni mwa mto Pangani, ambao wenyeji wa huko huuita Luvu, mwendo wa kilomita 84 kwa reli kutoka Tanga. Handeni uko kusini zaidi, ndani ya Uzigua, kiasi cha kilomita 65 kwa barabara kutoka Korogwe. Hata hivyo, katika vita vya 1914 hadi 1918 miji hii miwili iliguswa na kazi ya watu ambao wengi wao hawakupata kuiona kwa macho. Watu hao ni wapiga simu wa melini, waliokaa katika vyumba vidogo juu ya sitaha, vyombo vya kusikilizia vikiwa masikioni mwao, wakipokea na kupeleka habari zisizopitia katika waya.

Makala haya yanaeleza kazi ya watu hao tangu ilipoanza hadi ilipofika katika bahari ya Afrika Mashariki. Kisha yanafuata njia ya habari zao kutoka baharini mpaka bonde la Luvu na nchi ya Uzigua. Na mwisho yanatazama maneno ambayo Kiswahili kiliyatumia kuipa kazi hiyo jina. Hoja yake ni moja. Simu ya upepo haikuziondoa njia za zamani za kupeleka habari, bali ilizitegemea. Habari iliyoanza baharini kwa nguvu za umeme ilimaliza safari yake kwa miguu ya watu, na watu hao wamesahauliwa kuliko wote.

I. Njia za habari kabla ya simu ya upepo

Kabla ya kuja kwa waya, habari katika nchi za Wazigua, Wabondei na Wasambaa zilikwenda kwa kinywa cha mjumbe. Msomaji wa Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi kilichopigwa chapa na misheni ya Magila kati ya 1895 na 1907, atajua jinsi mjumbe alivyokuwa na heshima katika mambo ya utawala. Mjumbe hakuwa mchukuzi wa maneno tu. Alijua ni nani wa kuambiwa kwanza, na ni lipi la kusemwa faraghani na lipi la kusemwa barazani. Habari iliyowahusu watu wote ilitolewa kwa mbiu, na kila aliyesikia mlio wake alijua kuwa pana jambo kabla ya kulijua jambo lenyewe.

Waya wa kwanza ulifika katika pwani hii kwa njia ya bahari. Mwaka wa 1879 waya wa chini ya maji ulitandazwa kutoka Aden mpaka Unguja, ukaendelea Msumbiji na Durban. Mwaka wa 1890 nyuzi nyingine ziliiunganisha Unguja na Mombasa, na Unguja na Bagamoyo na Dar es Salaam. Hivyo Unguja ikawa fundo la habari kama ilivyokuwa fundo la biashara, na jambo lililotokea Uingereza au Ujerumani likajulikana hapo kwa saa badala ya majuma.

Bara waya uliandamana na reli. Ujenzi wa reli ya Usambara ulianza Tanga mwaka wa 1893. Ulifika Muheza mwaka wa 1896, Korogwe mwaka wa 1902, Mombo mwaka wa 1905, Buiko mwaka wa 1909, na Moshi mwaka wa 1911. Gari la moshi haliwezi kwenda salama katika njia moja pasipo habari kutangulia mbele yake. Kwa hiyo Korogwe, kwa kupata stesheni, ulipata pia mahali pa kupokea habari. Handeni haukupata reli hiyo. Tofauti hii ni kubwa kwa habari zitakazofuata: mji mmoja ulikuwa juu ya waya, na wa pili ulikuwa mwisho wa njia ya miguu.

Kazi za reli, posta na serikali zilihitaji watu wa kusoma na kuandika. Shule ya serikali ya Tanga, iliyoanzishwa katika miaka ya mwanzo ya utawala wa Kijerumani, ilifundisha vijana ambao wengi wao waliingia katika kazi za ukarani. Hapo ndipo gazeti la Kiongozi lilipopigwa chapa kwa Kiswahili, likaendelea mpaka mwaka wa 1916. Basi kabla ya vita nchi hii ilikuwa na tabaka la watu waliozoea kuona habari ikigeuzwa: kutoka mlio kuwa maandishi, kutoka lugha moja kuwa nyingine, kutoka karatasi ya ofisi kuwa maneno ya barazani.

II. Kazi ya mpiga simu wa baharini

Hapana budi kueleza kazi yenyewe. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 Guglielmo Marconi alionyesha kwamba habari yaweza kupelekwa mbali bila waya. Chombo cha siku zile kilitoa cheche za umeme zilizoruka kati ya vyuma viwili, na kila cheche iliporuka, mawimbi yasiyoonekana yalitoka katika nyuzi zilizotundikwa baina ya milingoti. Mpiga simu alibonyeza kitufe kwa muda mfupi au mrefu, akitengeneza nukta na mistari ya Morse. Aliyekuwa mbali, mwenye chombo cha kupokelea, alisikia milio hiyo masikioni mwake, akaiandika kwa herufi.

Katika meli za abiria wengi wa watu hao walikuwa vijana, tena mara nyingi hawakuajiriwa na wenye meli bali na kampuni ya Marconi. Hawakuwa mabaharia hasa, wala hawakuwa abiria. Walikula mshahara mdogo, wakalala karibu na vyombo vyao, na zaidi ya kazi yao walipeleka salamu na habari za biashara za matajiri waliosafiri. Cheo chao kilipanda kwa sababu ya ajali. Mwaka wa 1909 meli Republic ilipogongwa katika ukungu karibu na pwani ya Marekani, Jack Binns alikaa penye chombo chake mpaka msaada ukaja, na watu zaidi ya 1,500 wakaokoka. Mwaka wa 1912 Jack Phillips na Harold Bride waliita msaada kutoka Titanic iliyokuwa ikizama. Phillips alikufa, Bride akapona. Harold Cottam wa meli Carpathia aliwasikia, na meli yake ikaja kuwaokoa waliosalia. Lakini mpiga simu wa Californian, meli iliyokuwa karibu zaidi, alikuwa amekwisha kulala. Jambo hili liliufunza ulimwengu kwamba simu ya upepo haina faida pasipo sikio lililo macho. Katika Januari 1914 mataifa yalikubaliana mjini London juu ya usalama wa watu baharini, na zamu ya kusikiliza simu ikawa miongoni mwa mambo yaliyowekewa sheria.

Tofauti kubwa ya simu ya upepo na simu ya waya ni hii: waya una ncha mbili, na habari yake hujulikana kwa walio penye ncha, upepo hauna ncha. Atoaye habari kwa upepo humpa rafiki na adui pamoja. Wakati wa amani jambo hili ni rehema, kwa kuwa aliye katika hatari huita yeyote aliye karibu. Wakati wa vita rehema hiyo hugeuka hatari. Kwa hiyo mpiga simu wa manowari alikuwa na kazi tatu: kusema kwa herufi za siri, kusikiliza maneno ya adui, na kunyamaza. Ya tatu ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote.

III. Königsberg: meli iliyonyamaza

Kabla ya vita Wajerumani walikuwa na vituo vya simu ya upepo Dar es Salaam, Mwanza na Bukoba. Kituo kikubwa cha Kamina katika Togo kilikuwa daraja la sauti kati ya Nauen, karibu na Berlin, na makoloni ya Afrika. Mpango huu haukudumu. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza Astraea ilikipiga mizinga kituo cha Dar es Salaam, na nguzo yake ikaanguka. Kabla ya mwezi huo kwisha Wajerumani wenyewe walikivunja kituo cha Kamina kisije kikaingia mikononi mwa adui. Katika Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa wakaivamia Bukoba na kukiharibu kituo chake.

Sauti kubwa iliyosalia upande wa bahari ilikuwa ya manowari Königsberg, iliyofika Dar es Salaam Juni 1914 ikiwa chini ya nahodha wake Max Looff. Iliondoka bandarini tarehe 31 Julai, siku chache kabla ya vita kutangazwa. Tarehe 6 Agosti iliiteka meli ya mizigo ya Kiingereza City of Winchester katika bahari ya Uarabuni. Baada ya hapo shida yake ilikuwa makaa ya mawe. Kila ilipohitaji kukutana na meli ya kuileteá makaa ilihitaji kusema, na kila iliposema ilijitangaza. Tarehe 20 Septemba iliingia ghafula katika bandari ya Unguja, ikaizamisha manowari Pegasus iliyokuwa ikitengeneza mashine zake, na Waingereza zaidi ya 30 wakafa. Kisha ikatoweka.

Ilikuwa imejificha katika vijito vya mdomo wa Rufiji. Yafaa ikumbukwe kwamba haikufichuliwa na simu peke yake. Katika Oktoba 1914 Waingereza waliipekua meli ya Kijerumani Präsident iliyokuwa Lindi, wakakuta karatasi zilizoonyesha kuwa makaa yamepelekwa Rufiji. Siku chache baadaye, tarehe 30 Oktoba, manowari Chatham iliiona milingoti yake nyuma ya mikoko. Meli iliyojua kunyamaza hewani ilifichuliwa na maandishi ya makarani.

Mwisho wake, kinyume chake, ulifanywa na simu ya upepo. Katika Julai 1915 manowari mbili za maji mafupi, Severn na Mersey, ziliingia mtoni. Wapiga mizinga wake hawakuiona Königsberg kwa sababu ya miti. Eropleni kutoka kisiwa cha Mafia ziliruka juu na kuwaambia kwa Morse kila kombora limeanguka wapi. Tarehe 11 Julai eropleni ya Cull na Arnold ilipigwa, na ilipokuwa ikishuka kuelekea majini Arnold aliendelea kubonyeza kitufe, akiwasahihisha wapiga mizinga mpaka walipoipata shabaha. Wote wawili walipona, na Königsberg ikateketea siku hiyo.

IV. Tanga na ghuba ya Mansa

Habari za Königsberg zaonekana kuwa mbali na bonde la Luvu, lakini siku ile ile bahari ilipokuwa ikimtafuta Looff, reli ya Usambara ilikuwa ikijaribiwa. Tarehe 2 Novemba 1914 manowari Fox ilitokea mbele ya Tanga na kuudai mji. Nyuma yake zilikuwa meli zilizochukua watu wapatao 8,000 kutoka India. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa upande wa Moshi, na barua zilizotekwa zilikuwa zimekwisha kumwonya kuwa jeshi lingekuja. Simu ya waya ilipeleka habari bara. Magari ya moshi yakashuka na askari kupitia Buiko, Mombo na Korogwe mpaka karibu na Tanga, katika njia ya kilomita 352. Tarehe 4 Novemba askari wapatao elfu moja waliwashinda wale waliotoka baharini, na siku ya pili Waingereza wakarudi merikebuni. Miongoni mwa vitu walivyoviacha pwani mlikuwa na vyombo vya simu, ambavyo Wajerumani walivitumia tangu siku ile katika mistari yao wenyewe.

Hapa tofauti iliyotajwa ya waya na upepo yaonekana waziwazi. Meli zilikuwa na simu ya upepo, lakini zilikuja polepole na kuonekana na wote. Nchi kavu ilikuwa na waya mmoja tu kando ya reli, na waya huo ulitosha, kwa kuwa ulisema na mtu anayehitajiwa peke yake.

Jambo la pili lilitokea Aprili 1915. Meli Rubens, yenye asili ya Kiingereza iliyokamatwa na Wajerumani, iliondoka Ujerumani katika Februari kwa jina la uongo la Kronborg, ikijidai kuwa ya Denmark. Nahodha wake alikuwa Carl Christiansen. Ilichukua makaa kwa ajili ya Königsberg, na silaha kwa ajili ya majeshi ya nchi kavu. Ilipokaribia Afrika Mashariki haikuweza kujiepusha na kusema na Königsberg kwa upepo, na maneno hayo Waingereza waliyanasa. Tarehe 14 Aprili manowari Hyacinth ilikuwa ikiingoja karibu na Tanga. Mashine moja ya Hyacinth iliharibika wakati wa kufukuza, na Rubens ikapata nafasi ya kuingia katika ghuba ya Mansa, kaskazini ya Tanga. Huko ilipigwa mizinga, ikawaka moto na kukaa chini katika maji mafupi.

Waingereza waliondoka wakidhani kazi imekwisha. Lakini shehena ilikuwa chini ya maji, si kuharibika. Wapiga mbizi waliitoa kidogo kidogo: bunduki zipatazo 1,800 na risasi za mamilioni. Risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi, zikafunguliwa moja moja, zikakaushwa baruti na kusafishwa fataki zake. Kazi hii ya mikono mingi, isiyo na mlio wala umeme, ndiyo iliyoyapa uhai majeshi ya kaskazini ambayo tegemeo lake lilikuwa reli ya Tanga, Korogwe na Moshi. Simu ya upepo iliiponza meli. Mikono ya watu iliiokoa mizigo yake.

V. Korogwe na Handeni katika mwaka wa 1916

Katika Machi 1916 jeshi la Jenerali Jan Smuts lilivunja mlango wa Kilimanjaro, na katika Mei likaanza kushuka na mto Pangani. Wajerumani walikuwa wamejitayarisha kuondoka katika reli ya kaskazini. Kati ya Mombo na Handeni walitandika reli nyembamba ya vigari vilivyosukumwa kwa nguvu za watu, ili mizigo ihamie kusini kuelekea reli ya kati. Kwa miezi michache Handeni, mji ulioachwa kando na reli kubwa, ukawa kiungo kati ya njia mbili za chuma. Toka Handeni kwenda mbele hapakuwa na njia ila vichwa na mabega ya wapagazi.

Korogwe ulitwaliwa katikati ya Juni 1916, na siku chache baadaye Handeni. Tarehe 24 Juni palipiganwa katika mto Lukigura, kusini ya Handeni. Kisha jeshi la Smuts likasimama Msiha, chini ya milima ya Nguru, likiwa limechoka kwa njaa na homa. Kambi hiyo ilipigwa makombora mfululizo kwa majuma kadhaa, hata askari wakaiita kambi ya makombora. Mizinga iliyowapiga ilikuwa ya Königsberg. Baada ya manowari kuteketea, mizinga yake kumi ya sentimita 10.5 ilitolewa Rufiji, ikapelekwa Dar es Salaam, ikawekwa juu ya magurudumu na kusambazwa katika majeshi ya nchi kavu. Wanamaji wake nao wakageuka askari wa miguu. Basi meli ambayo sauti yake ilikuwa imekoma hewani tangu Julai 1915 ilisikika mwaka mmoja baadaye pembeni mwa Uzigua, kwa sauti nyingine, mwendo wa siku nyingi kutoka baharini. Palipo na reli mizinga ilichukuliwa kwa reli, na pasipo na reli ilivutwa kwa kamba na watu.

Majeshi ya Kiingereza yalikuwa na simu ya upepo ya kuchukulika. Pamoja na hayo waya ulitandazwa nyuma ya kila safu iliyoendelea, na waya wa porini una adui zake: twiga waliukata kwa shingo zao, na mvua na moto viliangusha nguzo. Kila ulipokatika, habari ilirudi kwa tarishi. Ndivyo ilivyokuwa kwamba amri iliyotolewa kwa herufi za Morse iliweza kumaliza safari yake katika karatasi iliyobanwa kwenye ufito uliopasuliwa, mkononi mwa mtu aliyekwenda kwa miguu, kama barua zilivyochukuliwa siku zote.

Watu hao walilipa gharama kubwa kuliko wote. Makadirio ya wanahistoria juu ya wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake katika vita vya Afrika Mashariki hupita 90,000, wengi wao kwa maradhi na njaa na si kwa risasi. Katika vitabu vya vita hivyo majina ya wapiga simu, manahodha na marubani yanapatikana kwa urahisi. Majina ya waliobeba vyombo vya simu, waliochimbia nguzo na waliokimbia na barua hupatikana kwa nadra mno.

Mwisho wa vita ulithibitisha jambo hilo hilo. Katika Novemba 1917 Wajerumani walituma chombo cha hewani L59 kutoka Bulgaria kimpelekee Lettow-Vorbeck mahitaji yake. Kilipokuwa kimeipita Khartoum kiliitwa kirudi kwa simu ya upepo kutoka Nauen. Mwaka mmoja baadaye, habari ya kusimamishwa kwa vita haikumfikia Lettow-Vorbeck kwa hewa. Aliipata tarehe 13 Novemba 1918, katika karatasi alizokutwa nazo mjumbe wa Kiingereza aliyetekwa akiwa juu ya pikipiki, karibu na mto Chambezi. Tarehe 25 Novemba aliweka silaha chini Abercorn.

VI. Ushahidi wa maneno

Pale ambapo vitabu vimenyamaza, lugha yaweza kusema. Neno simu limetoka katika Kiajemi, ambamo sim ni fedha, na pia uzi wa madini. Kwa asili, basi, simu ni waya. Lakini Kiswahili hakikuliacha neno hilo katika maana ya kitu. Kililihamisha likawa jina la habari yenyewe: mtu hupeleka simu, hupata simu, husoma simu. Uzi wenyewe ukatafutiwa jina jingine, nalo likatoka katika Kiingereza, waya. Kwa hiyo ilipokuja habari isiyo na uzi, wasemaji hawakuona taabu kuiita simu ya upepo. Kwa kipimo cha asili ya neno, jina hilo lina kinyume ndani yake, kwa maana ni uzi wa upepo. Kwa kipimo cha matumizi ni sahihi kabisa, kwa kuwa simu ilikuwa imekwisha kuwa habari, na habari yaweza kuchukuliwa na chochote. Kwa mpango huo huo simu iliyochukua sauti ya mtu iliitwa simu ya mdomo.

Kitenzi nacho kina mafunzo yake. Simu hupigwa. Kiswahili hupiga ngoma, hupiga mbiu, hupiga mzinga, hupiga chapa. Vyote ni vyombo ambavyo mkono wa mmoja huvifanya vifikie masikio au macho ya wengi. Kwa kuliweka neno simu katika kundi hilo, wasemaji waliiweka kazi ya Morse mahali pake panapostahili, karibu na ngoma na mbiu, wala hawakuifanya uchawi wa wageni. Mpiga simu ni ndugu wa mpiga mbiu. Tofauti ni kwamba mbiu husikiwa na kila mtu na kueleweka na kila mtu, na simu ya upepo husikiwa na wote wenye vyombo, ikaeleweka na wachache wenye ufunguo wa siri.

Maneno mengine ya vita yaliingia bara kwa njia hiyo hiyo ya miguu. Manowari, jina la Kiingereza lililozoewa pwani kabla ya vita, lilitajwa na watu wasiopata kuiona bahari. Katika ngoma ya beni, iliyoenea kutoka pwani hadi bara, kundi moja lilijiita Marini, jina lenye harufu ya wanamaji. Jina la jeshi la wachukuzi wa Kiingereza likageuzwa kuwa Kariakoo, na mtaa wa Dar es Salaam ulioitwa hivyo ungali ukiitwa hivyo hata leo. Hapa lugha imekuwa na haki kuliko vitabu: kwa wapiga simu wa manowari Kiswahili hakikuweka ukumbusho wowote wa pekee, bali kwa wapagazi kimeweka jina la soko na mtaa katikati ya mji mkubwa kuliko yote nchini.

VII. Hitimisho

Baada ya vita neno simu ya upepo lilirudi nyuma polepole mbele ya neno redio, hasa sauti za watu na muziki zilipoanza kutangazwa. Kazi ya mpiga simu wa baharini iliendelea kwa miaka mingi baadaye, mpaka tarehe 1 Februari 1999, ambapo mpango mpya wa kimataifa wa kuita msaada baharini ulishika mahali pa Morse. Kazi iliyoanza kwa cheche ilikwisha bila kishindo, kwa muda upatao karne moja.

Katika karne hiyo nafasi ya Korogwe na Handeni ni ndogo kwa kipimo cha vita vya dunia, lakini ni kubwa kwa mtafiti wa jinsi habari zinavyosafiri. Huko yaonekana mahali ambapo upepo ulikoma na waya ukaanza, ambapo waya ulikoma na reli ikaanza, na ambapo reli ilikoma na mguu wa mtu ukaanza. Kila kiungo kilihitaji mtu wa kugeuza: mlio kuwa herufi, herufi za siri kuwa maneno, Kijerumani au Kiingereza kuwa Kiswahili, na Kiswahili kuwa Kizigua. Kosa katika kiungo kimoja liliweza kuiharibu habari yote iliyokwisha kuvuka bahari salama.

Historia ya simu ya upepo katika Afrika Mashariki haitatimia kwa kuandika habari za meli na nguzo zake tu. Wazee wa Uzigua, Bonde na Usambaa waliosimuliwa na baba zao habari za vigari vya Mombo, nguzo za waya na mizinga ya Msiha wanazidi kupungua mwaka hata mwaka. Majina ya mahali, majina ya rika yaliyotokana na vita, na maneno yaliyoletwa na wapagazi waliorudi makwao ni hazina ambayo wanafunzi wa lugha wanaweza kuikusanya mapema, kabla haijanyamaza kama Königsberg ilivyonyamaza nyuma ya mikoko ya Rufiji, pasipo karatasi yoyote ya kuifichua.